Lebo Haibanduliwi

Jumatatu, 9 Machi 2009

Leo nimeambiwa kwamba kwa miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikidanganya watu.

Hayo ni maneno ya Bwana Muchiri, mkuu mpya wa idara, akiwa amesimama mbele ya makabati yangu na karatasi mkononi. Mimi natunza chumba cha mimea mikavu katika chuo cha kilimo hapa nje ya Kitale. Mmea unakandamizwa, unakaushwa, unagundishwa kwenye karatasi ngumu, na chini kulia unawekwa lebo: jina lake, mahali ulipochumwa, tarehe, na nani aliyeuchuma. Hiyo ndiyo kazi, na naijua.

Sasa wataalamu wa ng'ambo wameamua kwamba vichaka vyetu vyote vya Vernonia si Vernonia tena. Vernonia wa kweli, wanasema, wako Amerika. Muthakwa, ule wa majani mapana unaozunguka boma la kila Mkikuyu, na mululusia mchungu ambao Wabukusu wanautibia tumbo, imekuwa Gymnanthemum. Mucatha, ule mfupi, umekuwa Baccharoides. Ukoo mzima umesambaratishwa na watu ambao hawajawahi kuchomwa na jua la Saboti.

Nikamwambia Vernonia itabaki Vernonia maadamu ufunguo wa makabati ni wangu.

"Mama Munene," akasema, "urimwengu umebadirika."

"Ulimwengu ndio umebadilika, si muthakwa."

Nimenunua daftari hili jioni nikitoka kazini. Mtu akianza kuambiwa ni mwongo, heri awe na mahali pa kuandika.

Jumatano, 11 Machi

Jua. Mashamba yamelimwa yakabaki wazi. Hakuna wingu.

Ijumaa, 20 Machi

Muchiri ameshinda humu asubuhi yote akisoma lebo za Mzee Wakoli na kucheka.

Mzee Wakoli ndiye aliyeniajiri mwaka wa themanini na sita, na ndiye aliyechuma karibu kila kichaka kilichomo humu. Alitembea kutoka Tongaren hadi mlimani kwa miguu, mgongoni amebeba mbao za kukandamizia. Vernonia peke yake ni karatasi mia moja arobaini na tatu, zote kwa mwandiko wake. Ni Mbukusu, na L na R kwake ni mtu na ndugu yake, yeyote anaweza kuingia mahali pa mwenzake. Kwa hiyo lebo zinasema "kando ya balabala", zinasema "chini ya mrima", na kuna "amygdarina" mahali pa amygdalina.

"Huyu mzee arisoma wapi?" Muchiri aliuliza. "Wakaguzi wakiona hii, si watatucheka?"

Arisoma! Nyani haoni kundule. Dinah, mpiga chapa wetu, Mbukusu kama mzee, aliinamisha kichwa kwenye kompyuta, mabega yakitikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuchemsha chai.

Wakaguzi wanakuja Juni tarehe ishirini na nne. Wasiporidhika, chumba hiki kitafanywa darasa la kompyuta. Muchiri anataka lebo zote za zamani zitolewe, ziwekwe mpya zilizopigwa chapa, zenye jina jipya na jina la chuo. Jina la Wakoli halimo.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua imenyesha! Dakika kumi na tano tu, lakini watu walitoka nje ya ofisi kusimama ndani yake.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimetoka Tongaren sasa hivi, matope hadi magotini.

Nilikwenda kumshtakia Mzee Wakoli. Nyumba yake naijua kama yangu, kwa sababu mwaka jana ilikuwa yangu: nyumba yetu ya Saboti ilipoungua Januari, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, yeye na mkewe Roselyne walituweka miezi mitatu, mimi na Munene na dada zake, wakati kuweka Mkikuyu nyumbani hakukuwa jambo la kutangaza sokoni.

Nilimkuta shambani akipanda. Mvua imechelewa, hakuna aliye na muda wa kukaa kitini. Akanipa kikopo cha mbegu bila hata kunisalimia vizuri.

"Kalibu, Wamboi. Wewe angusha mbiri mbiri, mimi nafunika."

Basi nikamweleza tukiwa kwenye mistari, mimi mbele, yeye nyuma na jembe. Nilimweleza habari za Amerika na Gymnanthemum, na jinsi nilivyokataa. Nilitarajia anisifu. Nimebeba hasira hii mwezi mzima kama yai, nikimpelekea.

Jembe likasimama.

"Umekataa jina jipya?"

"Nimekataa kabisa, mzee."

"Basi wewe ni mjinga."

Nikageuka. Hakuwa anatania.

"Mululusia na ile fupi ya kwenu, ile mucatha," akasema, "wamama wa huku hawajawahi kusema hizo ni ndugu. Nilimwambia mkubwa wangu hivyo mwaka wa sabini na tisa. Akasema nyamaza, kitabu kimesema. Sasa kitabu kimebadirika, na wewe ndio unasema nyamaza?"

"Lakini mzee, kazi yako..."

"Jina si kazi yangu! Jina ribadirike hata mara kumi. Kazi yangu ni rebo. Pare niliandika mahali nilisimama, na talehe, na yule mama arinionyesha. Ukitoa hiyo, unabaki na nyasi ya ng'ombe." Akafunika mashimo mawili kwa mguu. "Jina jipya unagundi juu, kwa kikalatasi kidogo. Unaweka jina rako na talehe. Kesho mwingine akikuja akisema umekosa, naye anagundi yake. Hiyo si nilikufundisha?"

Alinifundisha. Wiki ya kwanza kabisa, mwaka wa themanini na sita. Lebo haibanduliwi. Nilikuwa nimeishikilia sehemu moja ya sheria, nikaitupa nyingine, kwa sababu jina jipya lililetwa na mtu nisiyempenda.

Mama Roselyne alinipa chai na viazi vitamu, akanicheka nilivyokuwa nimenuna. Nimerudi Kitale nimechapwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekata vikaratasi. Nimechanganya gundi. Gymnanthemum amygdalinum, kwa mkono wangu, G. Wamboi, Aprili 2009. Kumi na mbili zimekwisha. Kalamu ilikuwa nzito kwenye ile ya kwanza, ikazoea.

Jumanne, 21 Aprili

Muchiri ameona. Nilidhani atafurahi kwamba nimekubali. Amesema karatasi moja yenye majina mawili ni aibu, ni kama mtu mwenye vitambulisho viwili. Lebo za zamani zitoke.

Nilimweleza sheria. Nilimweleza kwamba hata Nairobi hawajakubaliana, wengine bado wanasema Vernonia, na wakirudi nyuma kesho sisi tutarudi na nini? Akasema ataleta maji ya vuguvugu na sponji mwenyewe.

Alhamisi, 30 Aprili

Mahindi yameota. Mvua tatu wiki hii. Karatasi sitini na moja. Dinah hanisemeshi mbele ya Muchiri. Mwoga.

Alhamisi, 14 Mei

Leo naandika kwa hasira.

Saa nne asubuhi Muchiri aliingia na beseni. Nyuma yake Kimeli wa karakana, amebeba birika la maji moto, macho chini. Juu ya meza nilikuwa nimeacha karatasi moja ya muthakwa, namba mia nne na kumi na mbili, niliyotaka kuiandikia kikaratasi. Zingine zilikuwa kabatini, na kabati limefungwa.

"Fungua, Mama Munene."

"Hapana."

Nilisema hapana. Nimeiandika hapa niione vizuri. Sijawahi kumwambia mkubwa hapana, hata mume wangu akiwa hai sikumwambia waziwazi, nilikuwa nazunguka. Leo sikuzunguka.

Akamwambia Kimeli atoke nje kidogo. Akavuta kiti, akakaa karibu, akaanza kuniongelesha Kikuyu, polepole, kama ndugu kwenye matanga. Alisema mimi na yeye ni watu wa nyumba moja. Alisema hapa tumezungukwa. Alisema yeye ameletwa kituo hiki baada ya yote yaliyotokea, na wanamngoja akosee ili waseme, unaona? Na mimi, wa nyumba yake, kwa nini nimwaibishe kwa sababu ya mwandiko wa mzee wa Kibukusu?

Nikamjibu kwa Kiswahili ili Dinah, aliyekuwa kwenye kompyuta yake, asikie.

"Nyumba gani, Bwana Muchiri? Yangu iliungua. Aliyenifungulia mlango ni huyo mzee wa Kibukusu. Watoto wangu wamelala kwenye kitanda chake, yeye akalala kwenye magunia. Ukitaka kunihesabia watu wa nyumba yangu, anza na yeye."

Uso ulimbadilika, nikafikiri nimempata. Kisha akainuka, akachukua ile karatasi ya mezani, akachovya sponji, akaikamua juu ya lebo.

Nilipiga kelele. Nilimshika mkono lakini wino wa Mzee Wakoli haukuwa wa kungoja. Ulitiririka wa bluu hadi kwenye maua. Muchiri mwenyewe alishtuka. Nadhani alitarajia lebo itoke nzima, kama stempu. Alibaki ameshika sponji, maji yanamchuruzika kwenye mkono wa shati.

"Si ningeandika ingine tu," akasema.

"Andika. Ilichumwa wapi?"

Hakujua.

"Mwaka gani? Nani alimwonyesha?"

Mimi pia sikujua yote. Nilikumbuka ni mwaka wa themanini na moja, nikakumbuka mto, lakini mto gani? Sitaandika cha kukisia. Maji yakimwagika hayazoleki. Muthakwa ule sasa ni nyasi ya ng'ombe kwenye karatasi nzuri.

Ufunguo nimeuvaa shingoni, ndani ya blauzi. Hata kanisani nitaenda nao.

Ijumaa, 15 Mei

Barua. Utovu wa nidhamu. Kandarasi yangu inaisha tarehe thelathini Juni na haitaongezwa. Dinah ndiye aliyeipiga chapa. Aliniletea mwenyewe, hakuniangalia.

Unga umemwagika. Sawa. Nina wiki sita na nusu, na karatasi sabini na nne zimebaki.

Jumatano, 27 Mei

Mvua kutwa. Vikaratasi vinne.

Jumapili, 7 Juni

Mchungaji amehubiri kuhusu kutii wenye mamlaka. Dada yangu alinikanyaga mguu. "Mkataa pema pabaya panamwita," akaninong'oneza. Pema ni wapi hapo, nilimuuliza, kwa sauti, wazee wa kanisa wakageuka. Palizi imeanza na hakuna wa kunisaidia.

Jumatatu, 22 Juni

Lazima niandike yote ya leo.

Muchiri hakurudi tena na sponji. Badala yake aliamua lebo mpya zigundishwe juu ya zile za zamani, zizifunike kabisa, na mimi asubuhi hii nimezikuta zimewekwa mezani, tayari zimepigwa chapa kwenye karatasi nzuri nyeupe. Wakaguzi ni keshokutwa. Nikachukua ya juu kabisa.

Gymnanthemum auricurifelum.

Nikaangalia ya pili. Auricurifelum. Ya tatu. Zote hamsini na nane za muthakwa. Na zile zingine: amygdarinum, hadi mwisho. Na chini ya kila moja, kwa herufi nene: Imetambuliwa na J. Muchiri.

Nikafunga mlango, nikamwita Dinah.

"Hii ni nini?"

"Si ni vile alisema?" Dinah alikunja mikono. "Alinipigia simu akiwa Eldoret. Ati andika. Nikamuuliza, hiyo ni L ya Lugari ama R ya Roselyne? Akasema, 'Ya Rugari!' Nikauliza tena, ya Rugari? Akasema, 'Ndio, ya Rugari, wewe husikii?' Nikaandika R, kama vile Rugari inaanza."

"Na hapa kwa L?"

"Hapo alisema ya Roselyne. Sasa mimi, Mama Munene, unajua Loselyne kwetu tunaianzaje."

Tukaangaliana. Halafu tukacheka, wee, tulicheka hadi nikashika meza. Mkikuyu asiye na L amempigia simu Mbukusu asiyejali R, na katikati yao Kilatini kimeuawa.

Kisha Dinah akaacha kucheka.

"Nilijua imekosa," akasema. "Jina sahihi si liko kwa vikaratasi vyako? Naviona kila siku. Niliacha hivyo makusudi."

"Kwa nini?"

"Alinifanya nikupigie chapa ile barua. Nililia usiku wote. Wacha na yeye wakaguzi wamsome."

Na mimi nilikuwa nimemwita mwoga kwenye daftari hili. Dinah, kama utakuja kulisoma, nisamehe.

Sasa niko na lebo hizi mezani, na shetani amekaa kando yangu. Nikinyamaza, keshokutwa atasimama mbele ya wakaguzi chini ya jina lake mwenyewe lenye herufi nene. Nimelifikiria jambo hili kutwa nzima kwa furaha kubwa, Mungu anisamehe. Lakini zikigundishwa, za Mzee Wakoli zimefunikwa. Na lawama itamshukia aliyepiga chapa.

Jumanne, 23 Juni

Nilimwendea ofisini saa mbili. Niliweka lebo moja mbele yake, na kando yake kikaratasi changu.

Alisoma. Akasoma tena, kidole kikifuata herufi moja moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nimepanga na majibu. Aliiweka lebo chini polepole.

"Mimi hiyo herufi haitokangi," akasema mwishowe. "Tangu darasa ra kwanza. Wananicheka. Chuo kikuu warinicheka, nikisoma ripoti mbere ya watu." Akashika paji la uso. "Nikiona rebo za yure mzee, naona mimi."

Niseme ukweli, nilimhurumia. Nilikuwa nimefikiri anamdharau Mzee Wakoli. Kumbe anamwogopa, kwa sababu mzee alikosea herufi zile zile miaka thelathini, kwa wino, wazi, na hakuona haya hata siku moja.

Lakini huruma ni huruma na kazi ni kazi. Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, hakuna cha kupiga chapa tena. Nikamwambia: hizi zote unazichoma leo, mimi na Dinah tunamaliza vikaratasi vilivyobaki kwa mkono, na hakuna lebo ya zamani itakayofunikwa wala kuguswa. Dinah asiulizwe kitu.

"Na kandarasi yako?" akauliza. "Ukiandika barua ya kuomba msamaha, naweza kuongea na wakubwa."

"Msamaha wa nini?"

Barua sikuiandika.

Jumatano, 24 Juni

Wakaguzi wawili, mwanaume kutoka Nairobi na mama mmoja mzee mwenye miwani ya kamba. Yule mama alifungua kabati la tatu, akatoa mululusia, akasoma kutoka chini kwenda juu: Wakoli, kisha mimi. Alisoma na "balabala". Hakucheka. Akatoa ingine, na ingine, kama mtu anayekula karanga.

Kisha akafika kwenye namba mia nne na kumi na mbili, ile yenye doa la bluu.

"Hii imepatwa na nini?"

Muchiri alikuwa amesimama karibu na dirisha. Nilimwangalia, nikaamua kwamba sitamsema na sitamficha.

"Ni mimi," akasema Muchiri. "Niriimwagia maji. Mama huyu arinikataza."

Yule mama aliandika kitu kwenye faili lake kwa muda mrefu. Chumba kinabaki. Kompyuta zitatafutiwa kwingine.

Jumanne, 30 Juni

Nimemkabidhi Dinah ufunguo. Nimemwonyesha gundi inavyochanganywa na kumwapisha juu ya birika la chai: lebo haibanduliwi. Akaapa. Muchiri alikuja mlangoni, akaniambia kwa Kikuyu barua ya msamaha bado inaweza kuandikwa, hata mstari mmoja. Nikamshukuru. Nikamwambia mstari huo sina.

Nilitoka na mwavuli wangu na kikombe changu. Nililia nilipofika barabarani, si kabla.

Jumamosi, 4 Julai, Saboti

Mahindi yamenifika kifuani. Nyumba mpya ina mabati upande mmoja, upande mwingine turubali.

Asubuhi nilikwenda kuoga. Nyuma ya bafu kuna muthakwa ambao baba yangu Thuo aliupanda tulipofika hapa. Mwaka jana uliungua hadi kwenye shina, sasa umenipita kimo, na kwa sababu unakunywa maji ya kuogea una maua hata msimu usio wake. Nikasimama mbele yake na taulo begani. Miaka ishirini na mitatu nimegundisha mimea ya watu wengine, na sijawahi kuchuma hata mmoja wangu.

Nikachukua kisu. Nikakata tawi lenye maua, nikalikandamiza kati ya magazeti, nikaweka juu yake godoro na mawe mawili. Jua likitoka wiki hii tawi litakauka, na Dinah atalipokea. Lebo nimeiandika tayari, kwa wino, na L na R kila moja mahali pake:

Gymnanthemum auriculiferum. Kikuyu: muthakwa. Saboti, nyuma ya bafu, boma la Thuo. 4 Julai 2009. Uliwahi kuungua. Mchumaji: Gladwell Wamboi, namba 1.

Juu yake nimeacha nafasi tupu, kwa yeyote atakayekuja kunisahihisha.